Mkopo wa Kuwapatia Kazi Waliokataliwa: Ni Ihsani au Ni Biashara?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake na jamaa zake na masahaba zake: hii ni masala inayotaka kutazamwa kwa utulivu, kwani imekusanya mambo mawili ambayo watu wamezoea kuyaweka mbalimbali, nayo ni kutoa mali kwa ajili ya kheri, na kuiweka mali ili irudi. Siku hizi wako wenye mali, na zaidi katika nchi ya Marekani, wanaokopesha fedha zao kwa biashara ambazo kusudi lake la kwanza si faida, bali ni kuwaajiri watu ambao hapana tajiri mwengine anayewataka: waliotoka kifungoni, waliokuwa wakitumia madawa ya kulevya wakaacha, wasio na nyumba ya kulala, na vijana waliokua bila ya mlezi wala elimu. Mkopo huo hutarajiwa kurudi, tena aghalabu pamoja na ziada kidogo. Na mwenye kukopesha husema kwamba faida yake ya kweli ni kumwona mtu aliyekuwa barabarani amepata mshahara. Basi suali ni hili: kazi hii ni ihsani au ni biashara? Na ikiwa ni yote mawili, ni nani atakayebeba mzigo siku ambayo ihsani na biashara zitakapogombana?

MILANGO ILIYOFUNGWA

Asije mtu akadhani kwamba watu hawa wamekosa kazi kwa uvivu tu. Katika mji wa Milwaukee huko Marekani, mwanachuoni wa elimu ya jamii, Devah Pager, aliwatuma vijana wanaume kwenda kuomba kazi kwa matajiri 350. Vijana hao walilinganishwa kwa elimu yao, usemi wao na mavazi yao. Ila mmoja akijitaja kuwa alipata kufungwa kwa kosa la madawa, na mwenziwe hakujitaja hivyo. Matokeo yakatangazwa mwaka wa 2003. Katika vijana weupe wasiojitaja kufungwa, waliitwa tena 34 katika kila mia, na waliojitaja kufungwa wakaitwa 17. Katika vijana weusi wasiojitaja kufungwa waliitwa 14, na waliojitaja wakaitwa 5 tu.

Mwenye kusoma na azingatie hesabu hii. Kijana mweusi asiye na kosa aliitwa mara chache kuliko kijana mweupe aliyekiri kwamba amefungwa. Kwa hiyo mlango haufungwi na kosa peke yake. Hufungwa na dhana, na dhana haina siku ya kumalizika kama kifungo kilivyo na siku yake. Wala jambo hili si la ng'ambo tu. Nchini Kenya waajiri wengi humtaka mwenye kuomba kazi alete hati ya polisi ya mwenendo mwema, na aliyefungwa akatoka huijua thamani ya karatasi hiyo kuliko mtu mwengine yeyote. Hakimu amekwisha kumhukumu na yeye amekwisha kuitumikia hukumu, walakini yuko mwengine mlangoni anayemhukumu upya kila asubuhi.

YANAYOTENDEKA

Katika mwaka wa 1982 mwalimu mmoja wa dini ya Kibuddha, Bernard Glassman, alifungua duka la kuoka mikate katika mji wa New York, likaitwa Greyston Bakery, khalafu likahamia mji wa jirani wa Yonkers. Desturi yake ni kwamba mwenye kutaka kazi huandika jina lake katika orodha, na nafasi ipatikanapo huitwa aliye mbele katika orodha, bila ya kuulizwa alikotoka wala alilolitenda. Biashara hiyo imejulikana sana kwa kuwaokea keki watengenezaji wa barafu tamu ya maziwa, Ben & Jerry's.

Kadhalika katika mji wa Los Angeles, kasisi Gregory Boyle na watu wa mtaa wake walianza mwaka wa 1988 kuwatafutia kazi vijana wa magenge, na mwaka wa 1992 wakafungua nyumba ya kuoka mikate. Kazi ile ikakua ikawa Homeboy Industries. Vijana waliokuwa wakiviziana kwa bastola walisimama pamoja mbele ya tanuri moja, wakikanda unga mmoja.

Tena katika mwaka wa 1997 tajiri mmoja wa San Francisco, George Roberts, aliasisi shirika la REDF kwa ajili ya kuzisaidia biashara za namna hii. Lilianza kwa kutoa mali isiyorudishwa, na baadaye likaongeza mfuko wa kukopesha. Sheria za Marekani nazo zilikuwa zimefungua njia: sheria ya kodi ya mwaka wa 1969 iliziruhusu taasisi za wakfu za nchi hiyo kukopesha, badala ya kutoa tu, maadamu kusudi la mkopo ni ihsani, na sheria ya mwaka wa 1994 ikaweka mfuko wa serikali wa kuyatia nguvu mashirika yanayokopesha katika mitaa ya mafukara. Na jina la uwekaji mali wa namna hii, wa kutafuta athari njema pamoja na faida, lilitungwa mwaka wa 2007 katika mkutano uliofanyika Bellagio, Italia. Hizo ndizo khabari. Sasa yafuata kuzipima.

MASALA YA KWANZA: SADAKA AU MKOPO?

Wanaoupendelea mkopo wana hoja tatu, na zote zina uzito. Kwanza, sadaka ikitolewa imekwisha, ama mkopo ukirudi humsaidia mwengine. Pili, mwenye kupewa huinamisha uso, ama mwenye kukopa husimama mbele ya mwenziwe kama mtu aliye na ahadi. Tatu, mwenye kujua kwamba atalipa huitazama biashara yake kwa jicho kali, asiache unga ukaharibika wala hesabu zikapotea.

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas kwamba mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akiomba. Akaulizwa ana nini nyumbani, akasema ana nguo na kikombe. Vikaletwa, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Akaambiwa kwa dirhamu moja awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka. Mtume akalitia shoka mpini kwa mkono wake, akamwamrisha aende akakate kuni, asionekane kwa siku kumi na tano. Aliporejea alikuwa amechuma dirhamu kumi.

Watu wengi huitaja khabari hii ili kukemea uombaji, na ni kweli kwamba yaukemea. Lakini ndani yake mna mafunzo mengine ambayo mwenye kukopesha ayahitaji zaidi. La kwanza, mtu yule hakuanza kazi na deni shingoni; mali ilikuwa ni yake mwenyewe. La pili, dirhamu zilikuwa mbili, na iliyotangulia haikuwa ya shoka, bali ilikuwa ya chakula. Mtu mwenye njaa nyumbani hawezi kukata kuni siku kumi na tano. La tatu, Mtume hakumpa chombo tu akamwacha. Alikitia mpini yeye mwenyewe, na akamwekea muda wa kurejea.

Basi biashara inayowaajiri waliokataliwa nayo ina dirhamu mbili. Iko dirhamu ya shoka, nayo ni tanuri, gari, cherehani na unga. Hiyo huzaa, na kwa hiyo yaweza kukopwa na kulipwa. Na iko dirhamu ya chakula, nayo ni gharama ya mtu mwenyewe: kumfundisha kufika kwa wakati ilhali hajapata kuwa na kazi, kumvumilia anapopotewa, kumtafutia pa kulala, kumpa mtu wa kusema naye anapozidiwa na mambo ya nyuma. Gharama hiyo haimo katika bei ya mkate. Mnunuzi halipi zaidi kwa sababu mwokaji alifungwa miaka minane. Mwenye kuikopesha dirhamu hii na akataka irudi, amemtaka mtu dhaifu alipe kwa kule kuinuliwa kwake, na malipo hayo yatatoka katika mshahara wake au katika nafasi ya mwenziwe anayengoja.

Ushahidi wa hayo ni yaliyowapata Homeboy Industries. Mikate yao huuzwa, lakini sehemu kubwa ya gharama zao, za mafunzo na matibabu na kuwafuta vijana chale za magenge, huchukuliwa na michango. Michango ilipopungua baada ya msiba wa mabenki wa mwaka wa 2008, ilipofika Mei ya mwaka wa 2010 waliwaachisha kazi watu wapatao 300. Mikate ilikuwa ikiuzwa. Kilichokosekana ni dirhamu ya kwanza. Kama gharama hizo zote zingalikuwa ni deni, mwia angaliichukua hata tanuri, na pasingalibaki mahali pa kuanzia tena.

Kwa hivyo jawabu la masala hii si kuchagua sadaka au mkopo, bali ni kujua kila kimoja mahali pake. Wala asidhani mtu kwamba kutoa rasilmali bila ya kuidai ni jambo geni. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema katika mlango wa zaka kwamba fukara mwenye ufundi hupewa kiasi cha kununulia zana za kazi yake, ijapokuwa thamani yake ni kubwa, na mwenye kujua biashara hupewa rasilmali ya biashara inayomfaa. Hawakusema apewe tonge tu.

MASALA YA PILI: ZIADA JUU YA MKOPO

Mwenye kutetea atasema: «Ziada inayotakwa ni ndogo mno, mbili au tatu katika mia, chini kuliko ya benki, na yasaidia kuuendesha mfuko. Nia ni njema. Je, hiyo nayo ni dhulma?»

Hukumu ya Sharia ni bayana: mkopo ulioshurutishwa ziada ni riba, na udogo wa ziada haubadilishi jina lake, wala nia njema haiigeuzi akidi. Lakini yafaa pia itazamwe hekima yake, kwani hekima hiyo aielewa hata asiyekuwa Muislamu. Mwenye kukopesha kwa ziada ameichagua nafasi yake: biashara ikistawi, atapata, na ikianguka, yeye adai vilevile. Khatari yote ameiacha kwa mwenye kukopa, na mwenye kukopa naye, katika biashara za namna hii, nyuma yake wako watu ambao hawana pengine pa kwenda. Basi aliye na nguvu kuliko wote ndiye aliyekingwa kuliko wote. Mtu hawezi kusema kwamba amesimama pamoja na waliokataliwa ilhali amejiwekea sharti la kutoguswa na linalowagusa.

Huenda ikasemwa: «Basi na wafanye kiradhi, mali itoke kwa mmoja na kazi kwa mwengine, na faida wagawane.» Hapa pana jambo la kuangaliwa. Imamu Nawawi katika Minhaji ametaja mfano ulio karibu mno na masala hii: kutoa mali kwa kiradhi kwa sharti inunuliwe ngano, isagwe na iokwe mikate, ni akidi fasidi. Sababu ni kwamba kiradhi kimeruhusiwa kwa haja ya kununua na kuuza, ambako kazi yake haipimiki. Ama kusaga na kuoka ni kazi zinazojulikana, na kwa hiyo zafaa kuajiriwa kwa ujira. Katika madhehebu nyengine wako waliokunjua zaidi, lakini mwenye kulifuata neno la Shafii hana budi kutafuta njia nyengine, na njia zipo.

Njia ya kwanza ni kuuza kwa bei ya baadaye: mwenye mali alinunue tanuri, likiisha kuwa milki yake na mkononi mwake aiuzie biashara kwa bei inayojulikana, ilipwe kwa mafungu, na bei hiyo isiongezwe hata mlipaji akichelewa. Ya pili ni kukodisha: tanuri libakie ni lake, na biashara ilipe kodi, likiharibika pasipo uzembe wa mkodishwaji, khasara ni ya mwenye tanuri. Ya tatu ni sharika, kila mmoja atie mali yake, na faida na khasara zigawanywe kwa kadiri ya mali. Ya nne, nayo ndiyo yenye thawabu zaidi, ni mkopo mwema usiotaka ziada yoyote. Katika mji wa Lahore, Pakistani, mwaka wa 2001 Muhammad Amjad Saqib aliasisi shirika la Akhuwat kwa njia hii ya nne, likianza na mkopo wa rupia elfu kumi kwa mwanamke mjane. Mikopo yake hutolewa misikitini mbele ya watu, bila ya riba, nayo imewafikia watu wengi mno tangu siku hizo. Na kwa wakaazi wa Kenya, njia mbili za mwanzo si ngeni tena, kwani tangu mwaka wa 2008 ziko benki zinazofanya biashara kwa kufuata Sharia. Kinachotakwa ni kuzielekeza njia hizo kwa aliyetoka kifungoni kama zinavyoelekezwa kwa mwenye kununua gari.

MASALA YA TATU: KUHESABU WATU

Mkopeshaji wa namna hii hutaka kujua mali yake imetenda nini, na haki yake ni kujua. Huuliza: ni watu wangapi wameajiriwa? Wangapi wamebaki kazini baada ya mwaka? Lakini hesabu ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza: biashara ikijua kwamba itapimwa kwa idadi ya waliobaki kazini, itaanza kuwachagua wale ambao wangalibaki hata bila ya msaada wake. Katika waliotoka kifungoni atachukuliwa aliyefungwa miezi mitatu, na aliyefungwa miaka ishirini ataachwa. Hesabu itapendeza, na mlango utabaki umefungwa kwa yule yule uliyekusudiwa. Desturi ya Greyston ya kumwita aliye mbele katika orodha ni kinga dhidi ya mtego huu, kwani orodha haimjui mzuri wala mbaya. Mkopeshaji mwaminifu basi asiulize tu ni wangapi waliobaki. Aulize pia ni nani waliokataliwa na biashara hii, na kwa sababu gani.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni kuuza aibu za watu. Ili wakopeshaji wafurahi, mtu husimamishwa mbele yao, au picha yake huchapishwa, naye husimulia alivyoiba, alivyolewa, alivyompiga mamake, kisha akaajiriwa akaokoka. Yeye hawezi kukataa, kwani mkate wake uko mikononi mwa wanaomwomba asimulie. Muislamu ameamrishwa kuisitiri aibu ya nduguye. Na hata asiyekuwa na dini ajua kwamba mtu aliyekwisha kuitumikia adhabu yake hapaswi kuitumikia tena kwa ulimi wake. Mwenye kumtoa mtu katika jina la «mfungwa» na kisha akataka alitaje jina hilo kila mwaka mbele ya wageni, hajamtoa. Mkopeshaji na atosheke na hesabu za mishahara iliyolipwa, wala asidai hadithi ya mtu yeyote ila aliyeitoa kwa khiyari yake bila ya kuogopa.

MASALA YA NNE: SIKU YA KUSHINDWA

Biashara nyingi ndogo hufa, na zinazobeba watu wenye mizigo zimo katika khatari zaidi. Kwa hiyo mkopo wa namna hii haujulikani ni ihsani au si ihsani siku ya kutolewa, kwani siku hiyo kila mtu ni mkarimu. Hujulikana siku ambayo fungu halikuletwa.

Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 280, imeamrishwa kwamba mwenye deni aliye katika dhiki angojwe mpaka apate wasaa, na kwamba kumwachia ni kheri zaidi. Kungoja ni wajibu, kusamehe ni fadhila. Mwenye kukopesha kwa jina la kheri basi na aandike katika mkataba tangu mwanzo namna ya kungoja kwake: dhiki itajulikana kwa dalili gani, muda utaongezwa kwa kadiri gani pasipo kuongezwa deni, na ni mali gani haitaguswa. Na lililo bora kuliko yote ni kwamba mishahara ya wafanya kazi itangulie mbele ya deni, kwani ujira wa mtu ni jasho lake, na deni la mwenye mali ni akiba yake.

Tena asidanganyike mtu kuihesabu mali moja mara mbili. Wako wanaokopesha, na wakiona deni limekuwa gumu kulipika, huliacha na kusema kwamba hiyo ilikuwa ndiyo zaka yao. Katika neno lililo sahihi zaidi kwa Mashafii hilo halitoshi. Deni lililoachwa halisimami mahali pa zaka iliyokabidhiwa mkononi mwa mwenye kustahili. Mwenye kusamehe ana thawabu za kusamehe, na zaka bado iko shingoni mwake.

KHATIMA

Katika hayo yote imedhihiri kwamba mkopo kwa biashara zinazowaajiri waliokataliwa waweza kuwa ihsani, na waweza kuwa biashara iliyovaa nguo za ihsani, na tofauti haimo katika jina la mfuko wala katika hotuba za waasisi wake. Imo katika mambo manne yanayoweza kusomwa katika mkataba: kwamba kilichokopeshwa ni cha shoka, na cha chakula kimetolewa bila ya kudaiwa, kwamba mwenye mali ameingia katika khatari pamoja na wenziwe, kwamba aliye mgumu kuajiriwa hakuachwa kwa ajili ya kupendezesha hesabu, wala aibu yake haikuuzwa, na kwamba siku ya dhiki imeandikiwa namna yake kabla haijafika.

Na juu ya hayo, mwenye mali asisahau jambo lililo karibu naye kuliko mfuko wowote. Mwenye duka, mwenye jahazi, mwenye shamba na mwenye karakana kila mmoja ana mlango wake mwenyewe. Kumkopesha mwengine ili awaajiri waliotoka kifungoni ni jambo jema. Lakini mwenye kuwakopesha wengine kwa kazi hiyo, ilhali mlangoni pake mwenyewe huwafukuza watu hao hao, na ajiulize ni kitu gani hasa alichokinunua kwa mali yake. Mtu mmoja aliyeajiriwa na kuvumiliwa dukani hahitaji mfuko, wala sheria ya mwaka wowote, wala mkutano wa ng'ambo. Ahitaji mwenye duka aliye tayari kumfundisha kazi, na kumwamini kidogo kidogo kwa kadiri amana yake inavyoonekana.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.